Mama ameficha pampu ya kifua kabatini kwa kuogopa steroidi

Shikamoo Daktari,

Mimi ni mtoto wa tatu kati ya watano, nafundisha shule ya msingi hapa Musoma. Nakuandikia kwa ajili ya mama yetu, ana miaka 63. Sigara hajawahi kuigusa, lakini tangu nipate akili namwona akibanika samaki kando ya ziwa, na nyumbani kwetu tumepikia kuni siku zote. Ada zetu zote zilitoka kwenye moshi ule.

Kikohozi kilianza polepole, tukadhani ni baridi ya ziwani. Mwaka juzi alitibiwa TB kwa miezi 6, ingawa makohozi hayakuonyesha vimelea. Dozi akaimaliza, kikohozi kikabaki palepale. Mwaka jana alilazwa mara mbili kwa kubanwa kifua, mara ya pili akawekewa oksijeni. Hapo ndipo tukapewa rufaa. Akapulizishwa kwenye mashine, daktari akasema ugonjwa wake ni COPD, yaani njia za hewa zimeharibika na kuwa nyembamba, na hazitarudi zilivyokuwa. Akaandikiwa pampu mbili: ya bluu avute akibanwa, na nyingine imeandikwa ubavuni budesonaidi na formoteroli 200/6, mipulizo miwili asubuhi na miwili jioni.

Miezi mitatu ya mwanzo tulimshukuru Mungu. Alianza tena kwenda kanisani kwa miguu. Kisha mdomo ukafanya utando mweupe na sauti ikakwama. Jirani yetu mmoja, mtu anayeheshimika, akamwambia kuwa pampu hiyo ina steroidi, ndiyo inayovimbisha uso na kuozesha mifupa, na kwamba kifua kikishaizoea hakihemi tena bila hiyo. Mama akaifungia kabatini bila kutuambia. Tulipogundua, kaka yetu mkubwa aliyeko Dar es Salaam akasema mama amefanya vizuri, kwa kuwa amesoma mtandaoni kwamba steroidi za kuvuta zinawaletea nimonia wagonjwa wa COPD. Dada yetu, ambaye ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, anasema kaka atamuua mama. Wawili hao sasa hawasemeshani.

Kwa sasa mama anavuta ile ya bluu usiku na mchana, haimalizi wiki tatu. Kifua kikimzidi anakwenda duka la dawa, anachomwa sindano ya dexa na kufungiwa vidonge vidogo vyeupe kwenye karatasi, sita kwa siku, kwa siku tano au saba. Anapata nafuu siku ileile na hamu ya kula inarudi. Tangu Pasaka ameshafanya hivyo mara nne.

Daktari, nani ana haki kati ya kaka na dada? Airudie pampu au aiache kabisa? Na kama ina hatari kweli, kwa nini aliandikiwa?

Mtoto wa Tatu, Musoma

*

Marahaba mwanangu, na poleni nyote. Nitaanza na vile vidonge vya kwenye karatasi ulivyovitaja mwishoni, maana vinanitia hofu kuliko pampu.

Vidonge vidogo vyeupe, sita kwa siku, nafuu ya siku ileile, njaa inayorudi kwa kasi: hiyo ni sura ya prednisoloni. Prednisoloni ni steroidi, yaani dawa ya kundi linalotuliza uvimbe mwilini. Dexa ni deksamethasoni, nayo ni steroidi. Kwa hiyo mama yako hajaacha steroidi hata kidogo. Ameacha ile ya kuvuta, akabaki na ya kumeza na ya kuchomwa, ambazo huzunguka mwili mzima ndipo sehemu yake ifike kifuani.

Tupige hesabu pamoja. Pampu aliyoandikiwa inatoa mikrogramu 200 za budesonaidi kwa kila mpulizo. Mipulizo minne kwa siku ni mikrogramu 800, haijatimia miligramu moja. Kidonge kimoja cha prednisoloni kwa kawaida ni miligramu 5, na vidonge sita ni miligramu 30. Mizani hii haiko sawa kabisa, kwa kuwa budesonaidi ina nguvu zaidi kwa uzito uleule. Lakini sehemu ya budesonaidi inayomezwa kwa bahati mbaya huvunjwa na ini karibu yote kabla haijaingia kwenye mzunguko wa damu. Prednisoloni haina kizuizi hicho: ukiimeza, inafika kwenye mifupa, ngozi, macho, sukari na shinikizo la damu.

Sisemi prednisoloni ni dawa mbaya. COPD ikilipuka, yaani kifua kikibana ghafla kuliko kawaida na makohozi yakaongezeka au kubadilika rangi, prednisoloni miligramu 40 kwa siku 5 ni tiba sahihi kabisa. Mwaka 2013 watafiti wa Uswisi walilinganisha siku 5 na siku 14, wakakuta siku 5 zinatosha. Shida ya mama ni kurudiarudia, bila mtu anayehesabu jumla, na bila mtu anayejiuliza kwa nini kifua kinalipuka kila mara. Uso kuvimba na mifupa kudhoofika, mambo ambayo jirani yenu aliyataja, ni ya kweli, na njia kuu inayoyaleta ni hii ya vidonge na sindano. Pampu ikitumika kwa dozi kubwa kwa miaka mingi nayo inaweza kuchangia kudhoofisha mifupa, kuleta michubuko ya ngozi na mtoto wa jicho, lakini kwa kiasi kidogo zaidi. Jirani ameona madhara ya kweli, kisha akamlaumu asiyehusika sana.

Kuhusu kifua kuzoea dawa: budesonaidi hailevyi, na mapafu hayasahau kuhema kwa sababu yake. Mama akibanwa baada ya kuiacha, ni ugonjwa wake uliokuwa umetulizwa ndio unaorudi.

Sasa angalia tena ubavuni mwa pampu iliyoko kabatini. Kuna majina mawili. Budesonaidi ndiyo steroidi, inapunguza uvimbe ndani ya njia za hewa. Formoteroli siyo steroidi kabisa. Inalegeza misuli inayozibana njia hizo, na kazi yake inadumu kama saa 12, ndiyo maana inavutwa asubuhi na jioni. Ile ya bluu, salbutamoli, hufanya kazi inayofanana kwa saa nne hadi sita tu. Kwa hiyo siku mama alipolifunga kabati, alifungia dawa mbili, na mojawapo ndiyo iliyokuwa ikimfikisha kanisani kwa miguu. Kinachomlazimisha kuvuta ya bluu usiku na mchana ni pengo la formoteroli. Hili naomba ulisome kwa sauti mkiwa na kaka na dada, kwa kuwa nyote mmebishana juu ya nusu moja ya pampu na kuisahau nyingine.

Na kaka yako? Alichosoma ni cha kweli, na sitaki dada yako amfokee kwa hilo. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya utafiti uitwao TORCH, uliofuatilia wagonjwa wa COPD zaidi ya 6,000 kwa miaka mitatu. Kati ya kila 100 waliovuta pampu yenye steroidi na dawa ya kufungua njia za hewa, karibu 20 waliripotiwa kupata nimonia. Kati ya waliovuta pampu isiyo na dawa, walikuwa kama 12. Nimonia saba au nane zaidi kwa watu 100 si jambo la kupuuza. Lakini utafiti uleule ulionyesha kuwa waliovuta pampu ya dawa mbili walipata milipuko ya ugonjwa pungufu kwa robo hivi. Hapo kuna faida na hasara, na daktari anayeandika pampu hiyo anazipima zote mbili kwa mgonjwa aliye mbele yake. Dozi ya steroidi ya TORCH ilikuwa kubwa, na dawa ilikuwa flutikazoni, siyo budesonaidi. Tena, ili uingizwe kwenye utafiti ule ilibidi uwe umevuta sigara. Mama yako, na maelfu ya kina mama walioharibiwa mapafu na moshi wa kuni bila kuigusa sigara, wasingepokelewa. Tunawatibu kwa takwimu za watu wengine, na hili linaniuma kila ninapomwandikia dawa mama wa aina hiyo.

Katika pumu mambo ni tofauti. Huko steroidi ya kuvuta ndiyo msingi wa tiba, karibu kila mgonjwa anaihitaji, na kuiacha ni kucheza na kifo. Katika COPD msingi ni dawa za kufungua njia za hewa, steroidi inaongezwa kwa baadhi tu, na haivutwi peke yake. Nalitaja hili kwa sababu maduka mengi yana pampu ya bekilometasoni peke yake, bei yake nafuu, na muuzaji anaweza kuwaambia ni ileile. Kwa mgonjwa wa COPD siyo ileile.

Nani basi anaongezewa? Miongozo ya GOLD, ambayo madaktari wa kifua duniani kote wanaifuata, inaangalia kwanza milipuko. Aliyelazwa kwa sababu ya COPD, au aliyepata milipuko miwili au zaidi kwa mwaka, yuko upande wa kufaidika. Kisha wanaangalia chembechembe nyeupe za damu ziitwazo eosinofili. Zikiwa 300 au zaidi kwa mikrolita, steroidi ya kuvuta ina uwezekano mkubwa wa kumsaidia. Zikiwa chini ya 100, faida ni ndogo mno na nimonia inabaki ileile, hivyo haishauriwi. Katikati ya hapo ni suala la busara ya daktari. Upande wa kutotumia, miongozo inataja nimonia za kujirudia na historia ya TB.

Umeona tunapofika? Mama amelazwa mara mbili, na ametibiwa TB. Ana jiwe kwenye kila sahani ya mzani. Ndiyo maana nisingependa wewe, kaka, dada wala mimi tuamue kwa barua tu. Lakini kuna vitu vitatu mnavyoweza kuvitafuta vitakavyomrahisishia daktari uamuzi.

Cha kwanza ni hizo eosinofili. Hazihitaji kipimo cha ajabu; ziko ndani ya FBP, kile kipimo cha damu cha kawaida. Ila mwombeni fundi wa maabara atoe idadi ya eosinofili peke yake, kwa kuwa mashine nyingine za wilayani huzijumlisha na chembechembe nyingine kwenye safu moja, na hapo hamtajua kitu. Karatasi ikiwa na namba ndogo kama 0.30, hiyo ndiyo 300. Msipime wakati mama anameza prednisoloni au amechomwa dexa siku chache zilizopita, maana steroidi hizo huzishusha eosinofili na matokeo yatawadanganya. Na ninyi ni watu wa ziwani. Kichocho na minyoo hupandisha eosinofili, na mama aliyesimama majini miaka yote akipokea samaki anaweza kuwa na 600 kwa sababu ya kichocho, si kwa sababu ya kifua. Mipaka ya 100 na 300 ilitokana na wagonjwa wa nchi ambako minyoo ni nadra. Kwa hiyo apimwe choo na mkojo, akikutwa na kichocho au minyoo atibiwe, kisha FBP irudiwe baada ya miezi michache. Daktari wa mjini anaweza asilifikirie hili, mkumbusheni kwa adabu.

Cha pili ni TB. Alitibiwa bila vimelea kuonekana, jambo linalotokea sana kwetu, na sina ugomvi na waliomtibu. Mahali penye TB nyingi, kikohozi cha muda mrefu lazima kitiliwe shaka hiyo. Lakini inawezekana kabisa hakuwahi kuwa na TB, na tangu mwanzo ilikuwa ni COPD. Steroidi, hasa hizi za vidonge, hupunguza ulinzi wa mwili dhidi ya TB. Apimwe makohozi upya kwa GeneXpert, mashine inayotafuta chembe za urithi za vimelea vya TB, na mpeni daktari taarifa kamili ya matibabu ya mwaka juzi, maana kwa aliyewahi kutibiwa kipimo hicho wakati mwingine huokota mabaki ya vimelea vilivyokufa. Mkiona amekonda zaidi, anatoka jasho usiku au anakohoa damu, msisubiri tarehe ya kliniki.

Cha tatu ni cha faragha, na pengine dada yako ndiye wa kumuuliza mama wakiwa wawili. Je, kuna dawa za kila siku anazotumia na hamzijui? Kama anatumia ARV zenye ritonaviri, dawa hiyo huzuia ini kuvunja budesonaidi na flutikazoni. Steroidi ya kuvuta inajikusanya mwilini kama ya kumeza, na uso unavimba kweli. Walio kwenye mchanganyiko wenye dolutegraviri, ambao ndio wengi siku hizi, hawana tatizo hilo. Sisemi mama anazo. Nasema daktari lazima ajue.

Wakati mnatafuta hayo, swali lako linabaki: pampu irudiwe au la? Kwa uliyonieleza, ushauri wangu ni airudie kama alivyoandikiwa, na mumpeleke kliniki ndani ya wiki hii au ijayo. Amelazwa mara mbili kwa mwaka mmoja, alipoitumia alitulia miezi mitatu, na alipoiacha amelipuka mara nne. Hiyo si hukumu ya mwisho. Daktari akikuta eosinofili ziko chini sana, au akithibitisha kuwa TB ilikuwa ya kweli na imeacha makovu makubwa, anaweza kuiondoa steroidi kwa utaratibu. Kuiondoa kunawezekana. Mwaka 2014 utafiti wa WISDOM ulichukua wagonjwa karibu 2,500 na kuwapunguzia wengine steroidi ya kuvuta hatua kwa hatua kwa wiki 12. Kwa ujumla milipuko haikuongezeka kwa kiasi cha kutisha, isipokuwa walipochambua baadaye waliona kuwa wenye eosinofili nyingi na historia ya milipuko ya mara kwa mara ndio walioumia. Lakini wagonjwa wale wote walibaki na dawa mbili za kufungua njia za hewa, siku zote. Hakuna aliyeachwa na pampu ya bluu peke yake. Hicho ndicho kaka yako hakukisoma, na mwambie nimesema kwa heshima.

Kuhusu vile vidonge: kama katika hiyo mizunguko kuna wakati amemeza mfululizo zaidi ya wiki tatu, asikatishe ghafla, maana mwili unakuwa umeacha kutengeneza steroidi yake wenyewe. Hata kwa mizunguko mifupi iliyokaribiana, mkiona amelegea mno, kizunguzungu akisimama, anatapika, semeni hospitalini kuwa amekuwa akitumia prednisoloni. Apimwe sukari na shinikizo la damu. Ana miaka 63, ameshakoma hedhi, mifupa yake inahitaji kufikiriwa.

Utando mweupe mdomoni ni fangasi. Ni madhara ya kawaida kabisa ya pampu hii, na ninasikitika kwamba huenda hakuna aliyemweleza mama kabla. Unatibika kwa nistatini ya maji ya kuzungusha mdomoni, na hauhitaji kuacha pampu. Unazuilika kwa jambo dogo: kila akimaliza kuvuta, asukutue, azungushe maji kooni, ateme. Asimeze yale maji. Mama apange kuvuta kabla ya kupiga mswaki, asubuhi na usiku, mambo yanakwenda pamoja. Kama ana meno ya bandia, ayatoe na kuyasafisha. Kukwama sauti nako mara nyingi kunapungua dawa isipobaki kooni.

Dawa kubaki kooni ndiko kunakonifanya nikuombe jambo moja usiku huu huu: mwambie mama avute mbele yako, nawe ukae kimya uangalie. Pampu ya gesi inataka mtu aitikise, atoe pumzi nje, aanze kuvuta ndani polepole, abonyeze wakati uleule, aendelee kuvuta hadi kifua kijae, kisha abane pumzi kwa sekunde kama 10. Wengi hubonyeza kwanza ndipo wavute, au huvuta kwa kishindo, na dawa yote inaishia kwenye ulimi. Mtu wa namna hiyo anapata fangasi wote na nafuu kidogo. (Kama yake ni ya unga badala ya gesi, kanuni inageuka: anavuta kwa nguvu na kwa haraka, na haifungwi kwenye chupa ninayoieleza hapa chini.)

Spesa, ile chupa ya kati inayopokea dawa kabla ya kuvutwa, inaondoa nusu ya shida hii. Kama hamwezi kuinunua, chukueni chupa safi ya plastiki ya maji ya nusu lita. Tobolea kitako chake tundu la umbo la mdomo wa pampu, liwe dogo kiasi cha kuingia kwa kubana, mzibe pembeni kwa gundi isitoe hewa, mama aweke midomo pale kwenye mdomo wa chupa. Abonyeze mara moja, avute na kutoa pumzi polepole mara nne au tano akiwa hajatoa midomo, kisha arudie kwa mpulizo wa pili. Profesa Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha mwaka 1999 matokeo ya chupa hiyo ya nusu lita kwa watoto wenye pumu, ikafanya kazi sawa na ya kiwandani. Kwa watu wazima wa kwetu nimeona inasaidia. Muioshe kwa maji ya sabuni, muiache ikauke yenyewe bila kuifuta ndani, maana kuifuta kunaipa umeme unaonasa dawa kwenye kuta.

Zile za 200/6 nyingi zina mipulizo 120, kwa hiyo inatosha siku 30. Andikeni tarehe ya kuanza kwa kalamu juu yake, kwa kuwa gesi huendelea kutoka hata dawa ikiwa imekwisha.

Halafu kuna ule moshi. Hukuniambia kama mama bado anabanika, nami sidhani atakubali kuacha kazi iliyowasomesha kwa sababu ya maneno yangu. Lakini hakuna pampu inayoweza kushindana na mtu anayerudi kwenye tanuri kila asubuhi. Kazi ya kusimama juu ya moto wapewe vijana, mama abaki na kuuza na kuhesabu fedha. Kama wako kwenye kikundi, waulizeni maofisa uvuvi kuhusu tanuri lililobuniwa na FAO pamoja na chuo cha Thiaroye cha Senegal, linalopunguza moshi na kuni. Jikoni, hata gesi ya mtungi mdogo kwa chai na uji inapunguza kitu. Na kama kuna wajukuu, wasikae jikoni na bibi yao moto ukiwaka.

Sasa nimonia, maana kaka atauliza. Mama akirudia pampu, nyote mjue namna ya kuitambua: homa, maumivu makali upande mmoja wa kifua anapovuta pumzi, makohozi ya rangi ya kutu, kuchanganyikiwa, au mlipuko ambao haupungui kwa siku mbili za dawa. Hapo ni hospitali na picha ya kifua. Duka la dawa halina picha ya kifua. Akishindwa kumaliza sentensi moja bila kupumzika, midomo ikigeuka rangi, au akisinzia isivyo kawaida, hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo. Wakati wa rufaa ulizeni pia kama chanjo ya nimokoka (bakteria anayeleta nimonia) na ya mafua inapatikana kwa watu wazima. Si kila mahali ipo, lakini ikipatikana ni kinga kwa mtu kama yeye.

Jambo la mwisho linawahusu ninyi watoto. Mama alificha pampu kwa sababu alipata hofu akiwa peke yake, nanyi mlipogundua ameificha mkaanza kugombana juu ya kichwa chake. Keti naye, mwambie kwa lugha yenu ya nyumbani kwamba alichoogopa si upuuzi, kisha mweleze ile hesabu ya vidonge sita na mipulizo minne. Kaka naye apige simu kumsikiliza mama, siyo kubishana na dada.

Siku ya kliniki mbebeeni daktari pampu zote mbili, karatasi yenye vile vidonge kama imebaki, cheti cha TB na majibu ya kile kipimo cha kupuliza. Mkipata FBP, niandikie tena unipe idadi ya eosinofili na kama kichocho kimeonekana, nami nitakujibu kwenye safu hii.